Mwani kwenye vioo vya tangi la maji chumvi: jinsi ya kuukwangua bila kuharibu kioo na kuupunguza kasi

Swali hili linarudi kila mara, "jana nimesafisha kioo, leo kimeshakuwa kijani tena, nakosea wapi?" Na mara nyingi jibu ni kwamba hukosei popote. Tangi la maji chumvi lenye taa, samaki na chakula litaota mwani kwenye vioo, litaota tu, hata la mtu aliyefuga miaka 20. Tofauti iko kwenye kasi. Kama kioo kinakaa siku 3 au 4 ndo kianze kuonyesha ukungu, hapo uko vizuri kabisa wala usihangaike. Ila kama kinafunga ndani ya siku moja mpaka samaki huwaoni vizuri, basi maji yako yana chakula kingi cha mwani na hata ukwangue asubuhi na jioni hutaushinda.

Kwa hiyo hapa kuna kazi mbili, ya kwanza ni kukwangua vizuri bila kuacha mikwaruzo, ya pili ni kufanya urudi polepole. Watu wengi wanafanya ya kwanza tu alafu wanachoka, wengine wanakimbilia dawa za kumwaga kwenye maji, na hizo mi kwa kweli siwashauri wanaoanza kwa sababu mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza humohumo na unakula hewa ya samaki.

Kwanza jua ni mwani gani

Usianze na wembe. Pitisha kidole kwenye kioo kwa ndani uone kinafutika nini.

Vumbi la kahawia linalofutika kirahisi ni diatomu, wanapenda matangi mapya, wanakula silika iliyoko kwenye maji na wakishaimaliza mara nyingi wanapotea wenyewe ndani ya wiki chache. Futa tu na uwe na subira. Ukungu wa kijani unaofutika ndo mwani wa kawaida wa kila siku, huu ndo mwongozo wenyewe unauhusu. Vidoa vya kijani vidogo vigumu ni mwani uliokaa muda mrefu bila kuguswa.

Madoa ya pinki au zambarau magumu kama chokaa ni koralini, na ni chokaa kweli, mwani huu unajijengea gamba kwa kalsiamu ya kwenye maji. Ukiuona ujue tangi limetulia, kwenye mawe uache uenee, ni mzuri na unaziba nafasi za mwani mbaya. Tatizo lake ni kwenye kioo cha mbele tu.

Sasa kama unaona utando mwekundu unaoteleza, unaobanduka vipande vipande kama ngozi, hiyo ni sianobakteria, sio mwani wa kukwanguliwa. Na kama ni kamasi ya kahawia yenye vipovu vya hewa ndani yake, inayopungua usiku na kurudi mchana taa zikiwaka, hao wanaweza kuwa dino (dinoflajelati, viumbe vidogo sana vya majini). Hao wawili nitawagusa mwishoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sumaku ya kusafishia kioo, inayolingana na unene wa kioo chako. Ukinunua ya kioo chembamba ukaiweka kwenye kioo kinene itakuwa inadondoka kila saa.
- Kikwangulio chenye wembe usioshika kutu kwa tangi la kioo. Kwa tangi la akriliki, yaani plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, tumia cha plastiki TU.
- Kadi ya plastiki iliyoisha muda, ile ya benki au ya simu.
- Mswaki laini mpya, usitumie uliokwisha kupakwa dawa ya meno.
- Mpira wa kunyonyea maji na ndoo 2 za kazi ya tangi peke yake, ndoo isiyowahi kuona sabuni.
- Maji chumvi mapya yaliyoshachanganywa, kama asilimia 10 hadi 15 ya tangi.
- Refraktomita ya kupimia chumvi, kipimajoto, na vipimo vya nitreti na fosfeti, virutubisho vinavyolisha mwani.
- Taulo mbili. Maji ya chumvi yanadondoka kila mahali na yakiingia kwenye soketi ni hatari.

Kama hujui tangi lako ni kioo au akriliki, gonga kwa ukucha. Kioo kinalia, akriliki inatoa sauti nzito ya plastiki. Ukibaki na wasiwasi lichukulie kama akriliki, hutapoteza kitu.

Hatua za kukwangua

1. Nawa mikono hadi kwenye viwiko, suuza mpaka sabuni yote iishe. Losheni, manukato, sanitaiza, dawa ya mbu, vyote hivyo havitakiwi kuingia kwenye maji. Ukiwa na kidonda au mchubuko vaa glavu ndefu, kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum anayeishi kwenye matangi na anaingilia kwenye ngozi iliyochanika, uvimbe wake unachukua muda mrefu sana kupona. Na kama una matumbawe ya aina ya Palythoa au Zoanthus karibu na kioo usiyakwangue kabisa, baadhi yake yana sumu kali inaitwa palitoksini, wembe ukiyakata yanaweza kukurukia machoni.

2. Kagua sumaku kabla haijagusa kioo. Hii hatua ndo kila mtu anairuka, na mimi niliiruka siku moja nikiwa na haraka. Punje moja ya mchanga ilikuwa imenasa kwenye kile kitambaa cha sumaku, nikapitisha mara moja tu kutoka kushoto kwenda kulia, na mpaka leo kuna mstari mwembamba kama unywele kwenye kioo cha mbele, urefu wa kiganja. Taa zikiwaka unang'aa mweupe. Mbaya zaidi koralini imeingia ndani ya ule mstari na haitoki, kwa sababu wembe unapita juu yake tu. Kwa hiyo toa sumaku, isuuze kwa maji, pitisha kidole kwenye kitambaa chote, ukihisi kitu chochote kigumu ondoa kwanza.

3. Acha pampu na skima (mashine inayotoa uchafu kwenye maji kwa vipovu) vikiwa vinafanya kazi wakati wa kutumia sumaku. Watu wanazima kila kitu alafu ule mwani unakaa juu ya mchanga na mawe unaota tena pale. Pampu zikiwaka mwani unaelea, unapelekwa kwenye filta, na matumbawe mengine yanakula humo humo.

4. Ishushe sumaku ya ndani polepole, shikanisha na ya nje, anza juu kisha shuka kwa mistari ya kulala. Usikimbize, ukienda haraka zinaachana na ya ndani inadondoka. Simama sentimita 3 juu ya mchanga, usishuke zaidi ya hapo hata kama unaona mwani umebaki. Na ikitokea imedondoka kwenye mchanga USIIVUTE na ile ya nje kuirudisha kwenye kioo, itakuja na mchanga wote. Chomoa pampu na hita ukutani, itoe kwa mkono, isuuze, vichomeke tena, rudi hatua ya 2.

5. Ule ukanda wa chini karibu na mchanga ufanye kwa kadi ya plastiki. Hapa chomoa pampu na hita ukutani kwanza, mkono wako unaingia kwenye maji na umeme uko karibu. Izamishe, iegemeze kwenye kioo, sukuma kutoka chini kwenda juu ili mchanga uanguke wenyewe usiburuzwe. Mwani ulioko chini ya usawa wa mchanga, ule unaoonekana kama tabaka za kijani, achana nao.

6. Sasa yale magumu, koralini na vile vidoa. Pampu na hita vibaki vimechomolewa, alafu pia vipande vya koralini unataka vizame chini uvinyonye, visisambae. Laza wembe, usiusimamishe, makali yote yaguse kioo kwa pamoja, kona ya wembe isitangulie. Sukuma taratibu mbele, inua, rudi, sukuma tena. Ukihisi wembe unakwaruza kwa sauti ya kusaga simama hapohapo uangalie.

7. Kwenye kona kaa mbali na silikoni, ile gundi inayounganisha vioo, acha kama sentimita 1. Silikoni ndo imeshikilia tangi lako, ukiikata kidogo kidogo kila wiki ipo siku maji yatakuta njia. Hapo tumia mswaki tu, na kama mwani umeng'ang'ania kwenye silikoni uache, rangi ya kona haijawahi kuua samaki.

8. Nyonya uchafu ulioshuka kwa mpira, moja kwa moja kwenye ndoo. Maji unayotoa ndo yawe yale ya kubadilisha ya wiki, kwa hiyo ukifika asilimia 10 au 15 acha.

9. Weka maji mapya. Yawe na chumvi sawa na ya tangi, yaani 35 kwa elfu au 1.025 hadi 1.026 kwenye refraktomita, na joto lilelile, nyuzi 24 hadi 26. Usimwage chumvi kavu ndani ya tangi hata siku moja, ikianguka juu ya tumbawe inaliunguza.

10. Hakikisha maji yamefunika hita vizuri ndo uichomeke, hita iliyowaka ikiwa nje ya maji inapasuka. Washa pampu, angalia kama zote zinasukuma. Badilisha soksi ya filta (mfuko wa kuchujia) siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu mwani wote uliokwangua uko humo, na ukiuacha unaoza na kurudisha chakula kilekile kwenye maji. Hiyo ni kazi bure kabisa.

11. Wembe wako suuza kwa maji baridi ya bomba, ufute ukauke. Hata ule wanaosema haushiki kutu, ukiuacha na chumvi utashika, na wembe wenye kutu una mapengo yanayokwaruza.

Sumaku pitisha kila siku ya pili au ya tatu, inachukua dakika 3 tu. Wembe mara moja kwa wiki mbili inatosha. Anayesubiri mwezi mzima ndo anakuja kushinda Jumapili nzima anakwangua, mwani laini ukiachwa muda mrefu nafasi yake inachukuliwa na ule mgumu.

Na jambo moja nataka ulisikie vizuri, kioo cha nyuma kiache. Usikikwangue. Safisha cha mbele na cha pembeni unachokiangalia, cha nyuma kiwe shamba la konokono na la vile vidudu vidogo vidogo vinavyoliwa na samaki. Mwani ule pale nyuma unanyonya nitreti na fosfeti ambazo vinginevyo zingekuja kuotesha mwani kioo cha mbele. Ukikisafisha kila mahali mpaka king'ae, konokono wako watakufa njaa, nimeona watu wakilalamika konokono wanakufa kumbe hawana cha kula.

Kuupunguza kasi

Anza na chakula kwa sababu ndo mlango mkubwa. Samaki apewe anachomaliza ndani ya dakika 2, kinachoanguka chini ni mbolea. Chakula cha barafu kiyeyushe kwenye kikombe, kichuje kwenye kichujio kidogo, ile supu yake mwaga usiitie kwenye tangi.

Kisha maji. Maji ya bomba mara nyingi yana fosfeti na silika, kwa hiyo mtu anabadilisha maji kila wiki kwa bidii na kila wiki anaongeza mbolea. Tumia maji ya RO/DI, yaani yaliyochujwa mpaka yabaki matupu, na uyapime kwa mita ya TDS inayoonyesha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, isome 0. Ikianza kusoma 3, 4, 5 ujue vichujio vimechoka, vibadilishe. Na kumbuka maji yanayopungua kwa kukauka unayajaza kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, inabaki kwenye tangi. Ukijaza kwa maji chumvi kila siku chumvi itapanda mpaka wanyama waugue.

Taa weka kwenye taima, saa 8 kwa siku zinatosha, ukiwa na shida shuka hadi 6. Usipunguze kwa mpigo kama una matumbawe, shusha nusu saa kila siku chache. Tangi lisipigwe na jua la dirishani.

Pima nitreti na fosfeti kila wiki, andika kwenye daftari. Kwa tangi la matumbawe nitreti kati ya 2 na 10 ppm (miligramu kwa lita), fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 ppm, hapo watu wengi wanakaa salama. Ikiwa fosfeti iko juu sana unaweza kutumia ile dawa ya punje za oksidi ya chuma, ila anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa, maana fosfeti ikishuka ghafla matumbawe yanapauka.

Alafu konokono. Trochus ndo nawapenda kwa anayeanza, akidondoka chali anaweza kujigeuza mwenyewe. Astraea anasafisha vizuri ila akianguka chali kwenye mchanga mara nyingi hawezi kugeuka, atabaki pale mpaka afe au aliwe, kwa hiyo ukimwona mgeuze. Turbo anakula sana lakini ni mzito, anaangusha matumbawe ambayo hujayagandisha. Konokono wa cerith ni wadogo, wanapanda kioo usiku na mchana wanajifukia mchangani. Asubuhi kabla taa hazijawaka mulika kioo na tochi kwa pembeni utaona njia zao, vijimstari vya kwenda kombo na kurudi ndani ya ukungu wa kijani, ulimi wao una meno na kila mstari ni tonge moja. Ukiona hizo njia ujue kazi inafanyika hata kama kioo bado hakijang'aa.

Wakiletwa usiwamwage moja kwa moja. Konokono anaumia na mabadiliko ya chumvi kuliko samaki, mdondoshee maji ya tangi tone tone kwa saa nzima au zaidi. Anza na wachache, 5 au 6 kwa lita 200, uongeze baadaye ukiona mwani bado upo. Na kama tangi limewahi kutibiwa kwa dawa yenye shaba, usiweke konokono mpaka uwe umepima shaba na haipo, shaba inawaua hata ikiwa kidogo.

Samaki kangaja nao wanakula mwani, lakini zaidi ule wa mawe, na wanahitaji tangi refu la kuogelea. Usimnunue kangaja kwa ajili ya kusafisha kioo cha tangi dogo, ni kumtesa.

Ukikwama

*Vipimo vinasoma 0 lakini kioo kinafunga kila siku.* Mwani wenyewe umeshakula ile nitreti na fosfeti kabla hujapima. Punguza chakula, endelea kukwangua na kunyonya nje, baada ya wiki kadhaa utaona. Usiongeze dawa za kushusha fosfeti, maji yakikauka virutubisho kabisa dino ndo wanapata nafasi.

*Maji yamekuwa ya kijani kama supu baada ya kukwangua.* Kama yanasafika ndani ya saa chache ni ule uliokwangua tu. Kama siku 3 zimepita bado kijani, huo ni mwani unaoelea, taa ya UV kwenye njia ya maji ndo inaufaa.

*Utando mwekundu.* Nyonya kwa mpira usikwangue, elekeza pampu pale ulipo maana unapenda maji yaliyotulia, badilisha maji.

*Kamasi yenye vipovu.* Kama vipimo viko 0, acha kubadilisha maji kwa muda na ruhusu nitreti na fosfeti zipande kidogo. Ni kinyume na kila kitu nilichosema hapo juu, najua, ila dino wanapenda maji yaliyofukarika. Na ukiwaona konokono wako wanalegea kipindi hicho wahamishe, baadhi ya dino wana sumu kwa wanaowala.

*Koralini imefunika pampu, hazisukumi.* Toa pampu, iloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, saa 1 au 2, sugua kwa mswaki, suuza sana, rudisha. Siki ni ya kwenye ndoo, usiipake kwenye kioo cha tangi lenye maji.

*Konokono hajasogea siku 2.* Mtoe umnuse. Aliyekufa ananuka vibaya sana papo hapo, mtupe kabla hajachafua maji. Kama hanuki mrudishe, mweke kwenye kioo cha nyuma, mguu ukielekea kwenye kioo, na umpe mpaka kesho asubuhi.